Kihamba cha Mlimani au Ekari ya Tambarare? Hesabu ya Nishati na Fedha kwa Familia ya Moshi

Mwishoni mwa Desemba, ndugu wanapokuwa wamerudi Uchaggani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na mbuzi ameshaliwa, mazungumzo ya watu wazima huishia kwenye ardhi. Mzee amechoka, mibuni imezeeka, ng'ombe wanataka majani kila siku, na yupo kijana mwenye akiba kidogo anayeuliza aiweke wapi: katika kihamba cha baba huku juu, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, katika ekari ya kukodi ya mahindi kule tambarare, au katika nyanya za kumwagilia kwa pampu. Wapo pia wanaoshauri miti ya kivuli ikatwe, migomba ing'olewe, na kihamba chote kiwe kahawa tupu.

Nimekaa katika vikao hivyo mara nyingi, na vingi hukwama mahali pamoja, kwa sababu kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Anayesifu kihamba anahesabu fedha ambazo hazikutoka mfukoni. Anayesifu trekta anahesabu siku ambazo hakushika jembe. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hawasikilizani. Hapa nimejaribu kuweka njia hizo katika mizani moja, ya nishati, kisha nikapima tena kwa mizani ya pili, ya siku za kazi, kwa kuwa ile ya kwanza peke yake hudanganya.

Kipimo: lita ya dizeli

Nishati ina vipimo vyake vya kitaalamu, lakini kila mtu Moshi anaijua lita ya dizeli. Lita moja ina nishati ya takriban megajuli 36, ambayo ni sawa na nishati iliyomo katika kilo mbili na nusu hivi za mahindi makavu. Ikiingia katika injini, sehemu kubwa hupotea kama joto, lakini kile kinachobaki bado kinafanya kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa mikono yake kwa siku nne au zaidi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea, ingawa hauna harufu ya mafuta, umetumia kiwandani nishati inayolingana na lita 30 hadi 40 za dizeli, kwa kuwa mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa kutumia gesi au makaa kwa wingi.

Makadirio yote yanayofuata ni ya ekari moja kwa mwaka au kwa msimu, na ni ya shamba linalotunzwa vizuri bila kuwa la maonyesho. Atakayeyatumia abadilishe tarakimu zangu kwa za shamba lake, kwa sababu ekari ya Marangu si ekari ya Kibosho, na ekari ya Kahe si ekari ya Himo.

Kihamba

Kihamba ni shamba la ghorofa. Juu kabisa ipo miti kama mringaringa, mruka, msesewe na mgrivilea; chini yao migomba; chini ya migomba mibuni; na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na mboga, huku masale yakishika mpaka. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Heshima hiyo ni nzuri, ila haijibu swali la kijana mwenye akiba.

Tuanze na kinachotoka. Ekari moja ikitoa mikungu 150 ya ndizi kwa mwaka, wastani wa kilo 20 kila mmoja, baada ya kuondoa maganda na vikonyo tunabaki na chakula chenye nishati ya takriban lita 250 za dizeli. Ng'ombe mmoja chotara anayetoa lita sita za maziwa kwa siku kwa miezi tisa anaongeza nishati ya lita 120 hivi. Jumla ni 370. Kahawa siiweki hapa kabisa, kwa sababu hakuna anayeshiba kahawa. Hiyo ni kwa ajili ya fedha.

Kinachonunuliwa ni kidogo: dawa za kahawa, chumvi ya ng'ombe, pumba, na nauli ya pikipiki au ya gari la mabua ya ng'ombe. Nikivipima kwa mafuta yaliyotumika kuvitengeneza, kuvisaga na kuvifikisha mlimani, napata kama lita 30. Kwa hiyo kila lita ya nishati iliyonunuliwa inarudisha kumi na mbili. Nakiri kwamba pumba nimezihesabu kama masalia ya kinu. Anayetaka kuzihesabu kama chakula kamili cha ng'ombe ataona uwiano huo ukiporomoka hadi karibu na moja na nusu, na hatakuwa amekosea. Mlima haujitoshelezi kama tunavyopenda kusema. Pumba zinatoka chini, mabua yanatoka chini, majani mengi yanatoka chini, na rutuba ya migomba yetu kwa sehemu kubwa ni rutuba ya tambarare iliyopanda mlima na kupita tumboni mwa ng'ombe.

Maji ndiyo akiba kubwa isiyoonekana. Kumwagilia ekari moja kwa kina cha milimita 40 kunahitaji kiasi cha mita za ujazo 160. Kuyainua maji hayo mita 30 kwa pampu ndogo ya petroli kungekula lita 13 au 14 kila mara. Mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachagga, unayaleta kwa mteremko wake wenyewe, bila hata tone la mafuta, na malipo yake ni siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, za kuuzibua na kuziba kingo. Familia ambayo mfongo wake bado unatiririka ina mali ambayo mnunuzi wa ardhi anaiona haraka kuliko wao.

Sasa tuje kwenye upande ambao vikao vya Desemba huuruka. Ng'ombe wa maziwa anakula majani mabichi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake kila siku. Kwa ng'ombe wa kilo 380 au 400 hiyo ni kilo 38 hadi 40 kila siku, na kwa mwaka ni kama tani 14 za majani yanayokatwa, kufungwa na kubebwa. Na mbebaji, katika nyumba nyingi, ni mama.

Nilipima mzigo mmoja. Nilikwenda na mzani wa ndoano wa kupimia mikungu, nikausubiri mzigo wa mama pale uani kabla hajautua chini ya mgomba. Ulikuwa kilo 28, umefungwa kwa kamba za migomba, na ngata ilikuwa imelowa umande na jasho kiasi cha kutojulikana kipi ni kipi. Nikamsomea tarakimu kwa fahari ya mtu aliyegundua kitu. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, huo mzani wako unapima majani, haupimi mteremko."

Nilikwenda kuupima mteremko kwa kalamu. Kupandisha kilo 28 pamoja na mwili wa mbebaji mita 300 kwenda juu kunagharimu, ukihesabu na joto linalopotea mwilini, nishati ya ndizi mbivu tatu hivi. Ukiitazama nishati peke yake, hii ni kazi rahisi ajabu, na ndipo nilipoacha kuuamini uwiano wa nishati ukisimama peke yake. Zile ndizi tatu zimechukua saa mbili na nusu za mtu. Zidisha kwa siku 365, gawanya kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 114 za kazi kwa mwaka kwa ajili ya majani ya ng'ombe mmoja. Ukiongeza kupogoa mibuni, kupunguza machipukizi ya migomba, kusambaza samadi, kuchuma na kumenya kahawa, kihamba cha ekari moja kinafika siku 200 za kazi bila shida.

Gawanya mazao ya nishati kwa siku hizo: hayafiki lita mbili za dizeli kwa siku moja ya kazi. Kihamba hakitumii mafuta mengi kwa sababu kinatumia mgongo, na mgongo huo haujawahi kuandikwa katika daftari la mapato na matumizi.

Mahindi ya tambarare

Kule chini hesabu zinageuka. Kulima na kusawazisha ekari kwa trekta kunachukua lita 12 hadi 14 za dizeli. Ongeza mfuko wa mbolea ya kupandia, mfuko wa urea, mbegu, dawa ya viwavijeshi, kupukuchua na usafiri wa kupandisha magunia nyumbani, na jumla inakaribia lita 85. Ekari ikitoa magunia 12, yaani kilo 1,200, nishati iliyovunwa ni kama lita 500. Uwiano ni sita kwa moja.

Kwa hiyo kihamba kinashinda kwa nishati iliyonunuliwa, lakini tambarare haijaaibika. Kwa kulinganisha, David Pimentel na wenzake waliandika mwaka 1973 kwamba mahindi ya Marekani yalirudisha 3.7 kwa kila kizio cha nishati mwaka 1945, na kufikia 1970 yalikuwa yameshuka hadi 2.8 ingawa mavuno yalikuwa yamepanda sana. Mkulima wetu anayetumia mifuko miwili ya mbolea badala ya sita bado yuko katika sehemu ya mwanzo ya mkunjo huo, ambako kila mfuko wa nyongeza unalipa. Anayemcheka mkulima wa tambarare kwamba anategemea mafuta hajapiga hesabu.

Tena kwa siku za kazi ushindi ni wake waziwazi. Palizi mbili, kupanda, kuvuna na kupukuchua ni siku 35 hadi 40 kwa ekari ikiwa trekta imelima, ambazo zinarudisha nishati ya lita 13 kwa kila siku, mara saba ya kihamba.

Tatizo la tambarare ni mvua. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro unapata mvua nyingi, katika maeneo ya katikati ya mlima hata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali kule chini ya Moshi mjini kiasi hicho hakifiki hata nusu, na ikikatika wiki mbili wakati mahindi yanatoa mbelewele, hakuna mbolea itakayookoa kitu. Mwaka mmoja nilikodi ekari mbili. Mwenye trekta niliyemlipa mapema alifika siku kumi na moja baada ya mvua za kwanza, akiwa na sababu ndefu kuhusu kipuri, na masika yakafunga mapema. Nilivuna magunia manne kwa ekari. Uwiano wangu ulishuka kutoka sita hadi mbili, na kwa fedha nilikuwa nimewalisha watu wengine: mwenye ardhi, mwenye trekta na muuza mbolea, ambao wote walilipwa kabla ya mvua kuamua. Mgomba, hata katika mwaka mbaya, unatoa mkungu mdogo. Mahindi katika mwaka mbaya yanatoa mabua.

Mabua hayo, hata hivyo, yana soko. Kila baada ya mavuno magari madogo yanaonekana yakipanda mlima yameshonwa mabua mpaka dereva haoni nyuma. Familia yenye shamba chini na ng'ombe juu inapunguza mizigo ya majani kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo njia hizi mbili zinaposaidiana.

Nyanya za pampu na kahawa tupu

Nyanya zinahitaji maneno machache. Kilo ya nyanya ina nishati ndogo sana, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Ekari iliyokwenda vizuri ikitoa tani 10 inabeba nishati ya lita 200 hivi. Pampu ya petroli kwa msimu mzima, mbolea na dawa zinazopulizwa karibu kila wiki vinafika hapo au kupita. Kwa maneno mengine, ekari hiyo inakula nishati yote inayoizalisha. Lakini hakuna anayelima nyanya ili apate nishati. Anayebahatika kuvuna soko likiwa tupu, iwe Mbuyuni hapa Moshi au Kilombero Arusha, anaweza kupata kwa miezi minne fedha ambazo kihamba hakitoi kwa miaka miwili. Anayevuna siku moja na wakulima wote wa Ngarenanyuki, wanakolima nyanya kwa wingi, anamwaga. Hiyo ni biashara ya mtaji na ujasiri, na inamfaa mtu ambaye hasara ya msimu mmoja haitamtoa mtoto shuleni. Mwenye mfongo au chemchemi iliyo juu ya shamba yuko katika nafasi tofauti kabisa, kwa sababu gharama ya pampu ndiyo inayowaangusha wengi.

Kahawa tupu, bila kivuli wala migomba, siishauri kwa kihamba kidogo, na nitasema sababu bila kuzunguka. Mibuni ya juani huzaa zaidi, ni kweli, lakini inadai mbolea ya dukani na maji zaidi, inachoka haraka, na inaweka mayai yote katika kapu la bei moja ambayo haipangwi Moshi, ingawa mnada wa kahawa umefanyika Moshi kwa miaka mingi. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika, bei iliporomoka, na wakulima wengi wa mlimani wakaacha kuihudumia mibuni yao. Walioendelea kula ni waliokuwa na mchare, ndizi za kupika, katikati ya kahawa. Pamoja na hayo, ukikata miti ya kivuli umekata kuni za nyumbani, na nishati ya jikoni itaanza kununuliwa kwa gunia la mkaa.

Kinachofaa kubadilishwa ni mbuni wenyewe. Aina za zamani zinaugua chulebuni na kutu ya majani, na bila kupuliza dawa mara kwa mara hazizai vizuri. Miche chotara inayotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, inavumilia magonjwa hayo mawili, kwa hiyo inaondoa sehemu kubwa ya dawa pamoja na siku za kubeba bomba mgongoni. Kubadilisha theluthi moja ya mibuni kila mwaka kwa miaka mitatu kunaacha kipato kikiendelea, ilhali anayeng'oa yote kwa pamoja anakaa miaka miwili au mitatu bila kahawa.

Nani achague nini

Baada ya mizani zote mbili, naona uamuzi unategemea kitu gani ni adimu katika nyumba: fedha taslimu au mikono.

Nyumba yenye watu wazima wawili au watatu wanaoishi mlimani na fedha chache ibaki na kihamba, na akiba yoyote iende kwanza katika kupunguza safari za majani. Mabingobingo na gwatemala vikipandwa kwenye kingo za matuta, pamoja na kaliandra mpakani, haviwezi kumlisha ng'ombe peke yake katika ekari moja, lakini vikitoa hata theluthi ya majani vinaokoa karibu siku 38 za kazi kwa mwaka, na hizo ni za mtu yule yule ambaye siku zote hachoki kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Uwekezaji wa pili kwa nyumba hiyo ni mtambo wa biogesi. Ng'ombe mmoja wa bandani anatoa kilo 20 hivi za kinyesi kwa siku, na gesi yake inaweza kuchukua nafasi ya takriban kilo moja na nusu ya mkaa kila siku, huku tope linalotoka likirudi kwenye migomba likiwa na naitrojeni yake. Ng'ombe wawili wanaufanya mtambo mdogo ufanye kazi vizuri zaidi, lakini wanaongeza maradufu majani, na hapo fundi wa mtambo hataulizwa nani atayabeba. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, imekuwa ikishughulika na teknolojia hii kwa miaka mingi, kwa hiyo mafundi wa kuuliza wapo.

Nyumba ambayo wenyewe wako mjini na kihamba kinaangaliwa na kijana wa kuajiriwa ijue kwamba inalipa mshahara kwa mfumo unaotegemea kazi isiyolipwa, na mara nyingi hasara inayoonekana hapo inasingiziwa kahawa. Hao nawashauri wauze ng'ombe, wabakize ndizi, parachichi, kahawa chotara na miti, wanunue samadi kwa jirani, na fedha ya mshahara iliyobaki ikodi ekari tambarare katika miaka ambayo wana uwezo wa kusimamia trekta kwa macho yao. Anayesimamia kwa simu asikodi.

Mwenye mtaji wa kati na mfongo unaotiririka anaweza kutenga robo ekari ya mboga pembeni ya kihamba, mahali penye jua, bila kukata mringaringa hata mmoja.

Sisi nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili. Baada ya mzani ule tuliuza mmoja, tukapanda mabingobingo pale palipokuwa na mibuni iliyokufa, na kuanzia Agosti tunalipia gari moja la mabua pamoja na majirani wawili. Maziwa yamepungua kwa lita tano kwa siku. Mama sasa anashuka kukata majani mara tatu kwa wiki, na Jumanne iliyopita nilipompigia simu saa nne asubuhi, muda ambao miaka yote alikuwa bondeni, aliipokea mlio wa kwanza.